Unakwenda spa? Fahamu mavazi yanayofaa

Na Mwandishi Wetu

JUA linapotua upande wa Malawi, wakazi wa Ngumbo huteremka ziwani kuoga. Ngumbo ni kata iliyo kando ya Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa.

Katika vijiji vya ukanda huo, wanawake wana upande wao na wanaume wana upande wao. Mama hufika na khanga mbili. Moja hujifunga kifuani na kuingia nayo majini, nyingine huiacha juu ya jiwe ikiwa kavu. Akimaliza kuoga, hujifunga ile kavu juu ya ile mbichi, kisha huilegeza ile mbichi kwa ndani na kuiacha ianguke miguuni. Ameoga nje, chini ya anga, na hakuna mtu aliyeuona mwili wake.

Mchukue mama huyohuyo, umpeleke Dar es Salaam kumtembelea mwanawe aliyeajiriwa. Siku ya pili mwanawe anampa zawadi ya kwenda spa kukandwa mgongo unaomsumbua. Anaingia kwenye chumba chenye mwanga hafifu, anakabidhiwa taulo dogo na kuambiwa avue nguo, kisha mlango unafungwa. Avue zipi? Abaki na ipi? Mhudumu akirudi ni mwanamume, afanye nini?

Maswali hayo hayamsumbui mgeni kutoka kijijini peke yake. Wakazi wengi wa mijini, wasomi kwa wasio wasomi, huingia spa kwa mara ya kwanza bila kujua wavae nini, na huona haya kuuliza. Matokeo yake, wapo wanaoacha huduma waliyokwisha kuilipia, wapo wanaovumilia jambo wasilolitaka kwa kudhani ndiyo taratibu, na wapo wanaorudi nyumbani na malengelenge au fangasi kwa kosa dogo la mavazi. Makala haya yanaeleza mavazi yanayofaa kwa kila huduma, sababu zake, na haki ya mteja juu ya mwili wake.

Jina na asili yake

Neno spa limetokana na mji wa Spa ulioko Ubelgiji, ambao kwa karne nyingi umejulikana kwa chemchemi zake za maji yenye madini. Watu walikwenda huko kunywa maji hayo na kuoga wakitafuta nafuu ya maradhi. Mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuweka mji huo pamoja na miji mingine ya Ulaya ya aina hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Siku hizi neno hilo limepanuka. Spa ya mjini inaweza kuwa nyumba yenye vyumba viwili vya kukandia mwili, au sehemu ya hoteli kubwa yenye bwawa, sauna, chumba cha mvuke, huduma za uso, kucha, hina na kuondoa nywele. Kwa sababu hiyo hakuna vazi moja la spa. Vazi hutegemea huduma, na jambo la kwanza la kufanya ni kujua umefuata huduma gani.

Kwetu si jambo geni

Wapo wanaodhani kwamba spa ni mtindo ulioletwa na watalii. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha vinginevyo. Kidichi, nje ya mji wa Zanzibar, yapo mabafu yaliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mke wake aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Katikati ya Mji Mkongwe upo mtaa wa Hamamni, uliopata jina lake kutokana na mabafu ya umma yaliyojengwa katika utawala wa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Mabafu hayo yalitumika hadi miaka ya 1920. Leo hayana maji na watu huyatembelea kama kumbukumbu. Anayekwenda kuyaona avae nguo zinazofunika mabega na magoti, kama inavyotakiwa anapotembea mahali popote katika mitaa ya Zanzibar.

Wanawake wa mwambao nao wana singo. Huu ni mchanganyiko wa maua ya asmini na waridi, karafuu, liwa na viungo vingine, ambao bibi harusi husuguliwa mwilini siku za kuandaliwa kwa ajili ya ndoa yake. Anayemsugua ni somo au kungwi, na bibi harusi hukaa akiwa amejifunga khanga. Khanga huteremshwa sehemu inayosuguliwa, kisha hupandishwa tena. Mwili hauachwi wazi wote kwa wakati mmoja.

Ukichunguza, utaona kwamba kanuni ya somo na kanuni ya mkandaji aliyesomea kazi yake ni moja. Inafunuliwa sehemu inayohudumiwa tu, na sehemu nyingine zote zinabaki zimefunikwa. Anayeikumbuka kanuni hiyo amekwisha kuelewa nusu ya adabu za spa popote duniani.

Nguo za kwendea

Vaa nguo pana, nyepesi na rahisi kuvua na kuvaa. Gauni la pamba, dera, suruali pana ya kamba kiunoni au fulana na sketi vinatosha. Suruali ya kubana haifai, kwa sababu utakapotoka ngozi itakuwa na mafuta na nguo itanasa. Mafuta hayo pia huacha madoa yasiyotoka kwa urahisi kwenye hariri na vitambaa vya bei kubwa, hivyo nguo ya harusini iache kabatini.

Miguuni vaa ndala au kandambili. Viatu vya kamba nyingi havina faida mahali ambapo utavivua mlangoni. Sakafu za mabafu na kando ya bwawa huwa na maji muda wote, na hapo ndipo fangasi wa vidoleni husambaa kutoka mguu wa mtu mmoja kwenda wa mwingine. Kama spa inatoa ndala, hakikisha ni mpya au zimesafishwa. La sivyo, tumia zako.

Usijipake manukato makali kabla ya kwenda. Yatachanganyika na mafuta ya kukandia, na katika chumba kidogo humkera mhudumu na wateja wengine. Oga kabla ya kwenda, au fika mapema uoge hapohapo.

Chumbani kwa mkandaji

Hapa ndipo penye mashaka makubwa. Utaratibu wa kawaida ni kama ufuatao. Mhudumu hukueleza huduma atakayokupa na kukuuliza kuhusu afya yako, kisha hutoka nje ya chumba ili uvue nguo ukiwa peke yako. Unalala kitandani na kujifunika shuka au taulo kubwa, ndipo yeye hubisha hodi na kuingia.

Nguo ya ndani unaweza kubaki nayo. Spa nyingi hutoa chupi nyepesi ya karatasi inayotupwa baada ya matumizi, ambayo kazi yake ni kuzuia mafuta yasichafue nguo yako. Mwanamke huombwa kuvua sidiria ili mgongo ukandwe bila kizuizi, lakini anapolala kifudifudi hafunuliwi kifua, na anapogeuka mhudumu huinua shuka liwe pazia kati yao. Asiyetaka kuivua aseme. Mkandaji mwenye ujuzi atazunguka mikanda yake au atakanda sehemu nyingine.

Zipo pia aina za kukandwa ambazo hazihitaji kuvua nguo kabisa. Ule mtindo wa Thailand, ambao mteja hunyooshwa viungo akiwa juu ya godoro, hufanywa akiwa amevaa suruali pana na fulana. Kukandwa miguu peke yake huhitaji nguo inayopanda hadi magotini. Mtu mwenye haya, au anayekwenda kwa mara ya kwanza, anaweza kuanza na huduma hizo.

Mteja anayo haki ya kuchagua kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume, na aseme hivyo wakati wa kuweka nafasi, si baada ya kulala kitandani. Anayo haki ya kukataa sehemu fulani ya mwili isiguswe. Anayo haki ya kusimamisha huduma wakati wowote bila kutoa sababu. Mhudumu anayekulazimisha kuvua nguo zote, anayebaki chumbani akikutazama unapovua, au anayeondoa shuka bila kukuambia, anakwenda kinyume cha maadili ya kazi hiyo. Simama, vaa, toka, na umweleze msimamizi.

Haki hizo zinamhusu mhudumu pia. Wasichana na vijana wengi wanaofanya kazi hii mijini husumbuliwa na wateja wanaodhani kwamba chumba cha kukandia kina biashara nyingine. Mteja anayevua nguo zote kwa makusudi na kukataa shuka anamvunjia heshima mfanyakazi, naye anayo haki ya kuondoka. Staha ni ya pande zote mbili.

Sauna na chumba cha mvuke

Sauna ya Kifini ni chumba cha mbao chenye joto kavu, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 70 na 100 za Selsiasi. Chumba cha mvuke kina joto la chini zaidi, kama nyuzi 40 hadi 50, lakini hewa yake imejaa unyevu. Katika vyumba vyote viwili mwili hutoa jasho jingi, nalo lazima lipate njia.

Taulo la pamba au khanga ndilo vazi linalofaa. Pamba hufyonza jasho na kuruhusu ngozi kupumua. Nguo za nailoni na za michezo zinazobana hushika joto, na zile zenye vifungo au zipu ya chuma zinaweza kuunguza ngozi. Pale ambapo wanaume na wanawake huingia pamoja, vazi la kuogelea huvaliwa ndani na taulo juu yake. Taulo jingine hutandikwa kwenye benchi ili jasho lako lisibaki kwa atakayekuja baada yako.

Vua saa, pete, mkufu, hereni na miwani yenye fremu ya chuma. Chuma hupata moto haraka kuliko ngozi, na watu wengi hugundua wakati pete imekwisha kuwaunguza. Lenzi za macho nazo zitolewe kwa sababu hukauka.

Wajawazito, watu wenye shinikizo la damu na wenye maradhi ya moyo wasiingie humo kabla ya kuzungumza na daktari. Vazi haliwezi kupunguza hatari ya joto kwao.

Bwawani

Katika bwawa na jakuzi huvaliwa vazi la kuogelea lililotengenezwa kwa kitambaa maalumu. Wengi hudhani kwamba sharti hili limewekwa kwa ajili ya urembo. Ukweli ni kwamba nguo za pamba huachia nyuzi zinazoziba vichujio vya maji, na nguo zilizovaliwa barabarani huingiza vumbi na jasho ambavyo hupunguza nguvu ya klorini.

Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Khanga, dera au suruali ya dengrizi ikishalowa huwa nzito, na katika maji ya kina huweza kuzunguka miguu na kumzuia mtu kuogelea. Khanga ya kuogea ufukweni, mahali ambapo maji yanafika magotini, si vazi la kuogelea. Mzazi asimruhusu mtoto kuingia bwawani au ziwani akiwa amejifunga nguo ndefu kwa hofu ya macho ya watu. Amtafutie kaptura na fulana ya kubana.

Mwanamke anayejisitiri si lazima achague kati ya dini yake na maji. Lipo vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima na nywele, lililotengenezwa kwa kitambaa kilekile cha nguo nyingine za kuogelea. Baadhi ya mabwawa hulikubali na mengine huweka masharti, hivyo piga simu uulize kwanza. Zipo pia hoteli na klabu zenye saa au siku maalumu za wanawake, utaratibu ambao ni wa kawaida katika nchi za Ghuba, ambako spa nyingi hutenganisha wanawake na wanaume.

Wanaume wavae bukta ya kuogelea. Bukta ya ndani si vazi la bwawani. Ikilowa huonyesha kila kitu.

Uso, kucha, nta na hina

Kwa huduma ya uso, vaa shati la vifungo au blauzi yenye shingo pana. Nguo inayovuliwa kupitia kichwani itaondoa dawa iliyopakwa, na vipodozi vitachafua ukosi. Nenda bila poda wala rangi ya mdomo. Funga nywele kwa kitambaa, na kama umevaa mtandio, uliza kama kuna chumba kilichofungwa au pazia.

Kwa kucha za miguu, vaa sketi au suruali inayopanda kwa urahisi, na viatu vya wazi, kwani rangi ya kucha huchukua muda kukauka kabisa na viatu vya kufunika huiharibu.

Kwa kuondoa nywele kwa nta, vaa chupi ya pamba na nguo pana. Ngozi iliyotoka kunyolewa kwa nta huwa na vitundu vilivyo wazi, na kitambaa cha kubana kikisugua huleta vipele. Kwa sababu hiyohiyo usiingie bwawani, kwenye sauna au ziwani siku hiyo.

Hina, singo na manjano hutia rangi. Vaa nguo ya rangi ya giza au khanga kuukuu usiyoionea uchungu. Bibi harusi asivae sidiria nyeupe siku ya manjano. Kwa hina ya mikono, vaa mikono mifupi au mipana, kwani mkono mrefu utavuruga michoro kabla haijakauka.

Nywele na vito

Mafuta ya kukandia hushuka hadi kwenye nywele, na mvuke hulegeza nywele zilizonyooshwa kwa pasi. Aliyesuka au aliyeweka nywele za bandia abebe kofia ya plastiki na kitambaa cha kufunga. Wigi livuliwe kabla ya sauna, kwani nyuzi zake zisizo za asili huharibika kwa joto.

Vito viache nyumbani. Spa nyingi hubandika tangazo kwamba hazitawajibika kwa mali iliyopotea, na pete ya ndoa iliyowekwa pembeni ya beseni ni rahisi kusahaulika. Fedha na simu viwekwe kwenye kabati lenye ufunguo. Tena, simu ina kamera. Katika chumba cha kubadilishia nguo simu haitolewi kabisa, hata kwa kujipiga picha mwenyewe, kwa sababu nyuma yako yupo mtu ambaye hakukubali kupigwa.

Chemchemi za asili

Tanzania ina spa zisizo na paa. Ipo chemchemi ya Chemka, au Kikuletwa, wilayani Hai, yenye maji ya bluu ambayo watu huyaita ya moto ingawa ni ya uvuguvugu tu. Jijini Tanga zipo chemchemi za salfa za Amboni. Mkoani Mbeya na Songwe, pamoja na Kyela katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, yapo maeneo yenye maji ya moto yanayotoka ardhini.

Katika maeneo hayo vaa vazi la kuogelea, na juu yake khanga au kikoi unapotembea kwenda na kurudi. Usivae vito vya fedha kwenye maji ya salfa, kwani vitageuka vyeusi. Vaa viatu vya mpira visivyovuka, maana mawe huteleza. Jaribu joto la maji kabla ya kuingia, na uwasikilize wenyeji wanaokuonyesha mahali pa kuoga, kwani chemchemi nyingine zina joto la kuivisha chakula.

Khanga kiunoni ina umuhimu wa pekee hapa. Mahali hapo si hoteli, bali ni kijiji cha watu. Hapo wapo wazee, wapo watoto wanaotoka shule, na mara nyingine yapo matambiko. Mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza faini kwa watalii wanaovaa nusu uchi mitaani, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wananchi. Nguo ya kuogelea haikukatazwa ufukweni. Kilichokatazwa ni kutoka nayo ufukweni hadi sokoni.

Tahadhari ya Ziwa Nyasa

Ukanda wa Nyasa unafikika kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay imewekwa lami, na meli ya MV Mbeya II ilianza kuchukua abiria ziwani mwaka 2021. Wageni wanaoteremka hukuta maji maangavu, mchanga mweupe na samaki wa rangi wanaoonekana kwa macho. Wengi huvua na kuingia palepale.

Ni vyema wafahamu kwamba ziwa hilo lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu ndani ya dakika chache. Havionekani kwa macho, na maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba havimo. Maeneo yenye majani na maji yaliyotulia ndiyo yanayojulikana zaidi kwa hatari hiyo, lakini katika Ziwa Nyasa konokono wanaoeneza kichocho wamepatikana pia kwenye fukwe za mchanga.

Hakuna vazi la kawaida la kuogelea linalozuia kichocho. Vijidudu hupenya pale penye ngozi wazi, na kitambaa kilicholowa si ukuta. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka kunaweza kusaidia kidogo, lakini si kinga ya kutegemewa. Kinachosaidia ni kupima. Aliyeoga ziwani aende hospitali baada ya miezi miwili hivi, na asisubiri kuona damu kwenye mkojo. Dawa ya prazikwanteli hutibu ugonjwa huo. Kwa wanawake, kichocho kisichotibiwa huweza kuathiri viungo vya uzazi, na dalili zake mara nyingi huchukuliwa kuwa ni za magonjwa ya zinaa, jambo ambalo limewaletea wengi aibu na ugomvi wa ndoa bila sababu.

Uliza pia habari za mamba, hasa karibu na midomo ya mito. Wenyeji hujua mahali ambapo watu huoga na mahali ambapo hawaogi. Ukiona ufukwe mzuri usio na mtu jioni, jiulize kwa nini hauna mtu.

Ukiwa nje ya nchi

Msafiri wa Kiafrika anaweza kushangaa. Ujerumani, katika sauna nyingi wanawake na wanaume huingia pamoja bila nguo, na vazi la kuogelea hukatazwa kwa sababu za usafi. Taulo hutandikwa chini ya mwili mzima hadi nyayo. Finlandi, ambako utamaduni wa sauna uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2020, sauna za umma kwa kawaida hutenganisha jinsia. Japani, katika mabafu ya chemchemi watu huoga uchi, wanawake kwao na wanaume kwao, baada ya kujisugua kwa sabuni nje ya bwawa. Taulo dogo wanalobeba haliruhusiwi kugusa maji, na mwenye michoro ya kudumu mwilini anaweza kukataliwa.

Uturuki mteja hupewa kitambaa chepesi cha pamba cha kujifunga, ambacho Mswahili akikiona atasema ni kikoi. Moroko watu hubaki na chupi. Uingereza na Marekani, sehemu za pamoja zinahitaji vazi la kuogelea.

Usiyekubaliana na desturi ya mahali hulazimiki kuingia. Uliza kabla ya kulipa kama kuna chumba cha faragha au siku ya wanawake peke yao.

Mfuko wa kwendea

Kwa muhtasari, mfuko wa mtu anayekwenda spa uwe na vitu hivi: ndala, vazi la kuogelea, nguo ya ndani ya kubadilisha, kitambaa au kofia ya nywele, mfuko wa kuwekea nguo mbichi, na khanga mbili. Mwanamume abebe kikoi.

Ukimaliza, usikimbilie kuvaa. Kaa dakika kadhaa, kunywa maji, jifute mafuta yaliyozidi, kisha vaa nguo pana. Nguo mbichi ya kuogelea usibaki nayo mwilini njiani, kwani unyevu na joto huleta fangasi na muwasho. Ioshe kwa maji baridi na uianike kivulini.

Na yule mama wa Ngumbo aliyebaki amesimama chumbani na taulo dogo mkononi? Jibu analo kwenye mkoba wake. Atoe khanga, aifunge kifuani, avue zilizo ndani kwa namna aliyoijua tangu utotoni, alale kifudifudi na kuilegeza hadi kiunoni. Mhudumu akiingia atamkuta amejisitiri na yuko tayari. Akiambiwa kwamba khanga hairuhusiwi, aulize sababu. Sababu ikiwa ni mafuta, aombe shuka kubwa. Sababu ikiwa nyingine, avae na aende zake, na mgongo utakandwa nyumbani na binti yake.